Mizani ya Mchezo na Mizani ya Historia

Imekuwa desturi yetu sisi walimu, pindi tunapomkuta mwanafunzi ameinama mbele ya kompyuta akipigana vita vya kubuni, kumwambia aache upuuzi arudi vitabuni. Kemeo hilo lina haki yake mara nyingi, kwani saa zinazopotea ni nyingi na mtihani haumsubiri mtu. Lakini wapo vijana ambao kemeo hilo haliwastahili. Hao ni wale ambao hawakutosheka na kuucheza mchezo. Wameamua kuufungua, kuukagua na kuubadilisha. Nimekutana nao Likoni, Kisauni na Changamwe, na nimetambua ya kuwa swali wanalopambana nalo ni miongoni mwa maswali magumu mno katika somo ninalolifundisha, yaani historia.

Swali lenyewe ni hili: mtu anapotengeneza mchezo kuhusu taifa la kale, mathalani Uajemi ya wafalme wakuu, je, autii ukweli hata kama mchezo utakosa ladha, au aupinde ukweli ili mchezo uchezeke? Anayedhani kuwa jambo hili ni la watoto na haliwahusu watu wazima wa Mombasa, namwomba anivumilie hadi mwisho.

Michezo ninayoizungumzia huitwa michezo ya mikakati. Mchezaji hukabidhiwa taifa, akalima, akachimba dhahabu, akajenga miji, akaunda jeshi na hatimaye akapambana na jirani yake. Mtu mwingine akiuchukua mchezo huo uliokwisha tengenezwa, akaongeza taifa jipya au akageuza nguvu za askari, kazi yake vijana huiita modi. Modi si jambo la kudharauliwa. Mchezo uitwao 0 A.D. ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama wazo la modi ya mchezo mashuhuri wa Age of Empires II, ukakua hadi ukawa mchezo kamili unaojitegemea. Tangu mwaka 2009 msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na hutolewa bure. Waajemi wamo pamoja na wafalme wao Cyrus, Darius na Xerxes, na tangu mwaka 2018 wamo pia Wakushi, watu wa nchi ambayo leo ni Sudan. Bei ya askari, uhai wake na mwendo wake vimeandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida, ambayo mwanafunzi mwenye subira aweza kuyafungua na kuyageuza.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Mchezo wowote huhitaji mizani. Wazee wetu walilijua hilo kitambo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32, na jumla ni kete 64 katika mashimo 32; hakuna aliyeketi barazani akakubali kucheza akiwa na kete 20 dhidi ya mwenye 44. Katika sataranji kila upande una vipande 16. Aliyeshindwa hana wa kumlaumu ila akili yake. Michezo ya mikakati imeongeza ugumu mmoja: pande hazifanani. Mmoja ana farasi, mwingine ana manowari, wa tatu ana kuta imara, na bado kila mmoja hana budi kuwa na nafasi ya kushinda.

Historia, kwa upande wake, haikuwahi kumgawia mtu kete sawa. Cyrus aliutwaa mji wa Babeli mwaka 539 K.K.; wasomaji wa Biblia wanamjua kwa jina la Koreshi. Mwanawe, Cambyses, aliiteka Misri mwaka 525 K.K. Chini ya Darius, aliyetawala kuanzia mwaka 522 hadi 486 K.K., dola hiyo ilienea kutoka bonde la mto Indus hadi ukingoni mwa Ulaya. Ilikuwa na sarafu ya dhahabu, majimbo yaliyotawaliwa na maliwali, na barabara ya kifalme kutoka Sardis hadi Susa ya kiasi cha kilomita 2,500, umbali uzidio mara tano ule wa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Persepolis katika miaka ya 1930 yanaonyesha wafanyakazi, wanawake kwa wanaume, wakipimiwa posho zao za shayiri, na mama aliyejifungua akipewa nyongeza. Dola ya namna hiyo ikiingizwa mchezoni ilivyokuwa, jirani yake mwenye mji mmoja atadumu dakika ngapi?

Mtengeneza modi anapofika hapo hujiwa na vishawishi viwili. Kishawishi cha kwanza ni kuukata ukweli kwa shoka: Mwajemi apunguzwe nguvu tu, bila sababu, mpaka alingane na wenzake. Cha pili ni kibaya zaidi, nacho ni kuazima picha ya Mwajemi kutoka kwa adui zake. Mengi tuyajuayo juu ya vita vya Waajemi na Wagiriki tuliyapokea kwa Wagiriki. Herodotus aliandika kuwa Xerxes alivuka kuingia Ulaya na askari wa miguu 1,700,000. Wanahistoria wa leo hawaikubali hesabu hiyo. Hakuna mito wala maghala ya zama hizo ambayo yangeulisha na kuunywesha umati kama huo. Filamu iitwayo 300, iliyoanza kuonyeshwa kumbini mwaka 2007, iliongeza chumvi hata juu ya chumvi ya Herodotus, ikamfanya Xerxes jitu la kutisha na jeshi lake kundi la mazimwi. Kijana aliyeiona filamu hiyo kabla ya kukisoma kitabu huenda akatengeneza modi yenye Waajemi wengi kama nzige, wajinga na waoga, na akadhani kuwa ameipata mizani. Kumbe amepata kejeli tu.

Basi njia ni ipi? Kwa maoni yangu, mizani ya mchezo itafutwe ndani ya historia yenyewe. Hakuna dola iliyokuwa na nguvu zisizokuwa na gharama. Mwenye kuisoma habari ya Uajemi kwa makini atauona udhaifu wake palepale penye nguvu zake. Dola ni kubwa. Basi jeshi lake huchukua muda mrefu kukusanyika, na chakula chake hulazimika kusafiri mbali. Herodotus anasimulia kuwa Cambyses, baada ya kuiteka Misri, alielekea kusini kuishambulia Kushi bila akiba ya kutosha. Askari wakala wanyama wao wa mizigo, kisha majani, na mwisho wakaanza kulana, ndipo mfalme akarudi nyuma. Huenda masimulizi hayo yana chumvi yake pia, lakini somo lake ni thabiti: jangwa na njaa ni ngome. Kijana anayempa Mkushi ulinzi huo, yaani kila hatua ya jeshi la Mwajemi jangwani ile chakula, amemtendea haki Mkushi bila kumsingizia Mwajemi ujinga.

Aidha, majimbo yalikuwa mengi, na majimbo huasi. Misri iliasi, Babeli iliasi, na Darius mwenyewe alichonga katika jabali la Behistun, kwa lugha tatu, habari za maasi aliyoyazima mwanzoni mwa utawala wake. Mchezo unaweza kumtoza Mwajemi sehemu ya hazina yake ili kuwaridhisha maliwali. Manowari nazo zilikuwa nyingi, lakini katika mlango mwembamba wa bahari huko Salamis, mwaka 480 K.K., wingi huo ukageuka msongamano. Anayeufahamu mkondo wa Kilindini hahitaji kuelezwa zaidi jinsi vyombo vingi vinavyoweza kuzibiana njia. Katika mambo yote haya mchezaji hupata mizani, na mwanafunzi hupata sababu. Na somo la historia, likiondolewa sababu, hubaki orodha ya majina na tarehe.

Hata makampuni makubwa yamejifunza polepole. Katika Age of Empires II, iliyotolewa mwaka 1999, Waajemi wa zama za kati walipewa tembo wa vita. Tembo huyo ni mwenye nguvu nyingi, lakini ni ghali na ni mzito wa mwendo, na hiyo ni mizani nzuri kwani ndivyo alivyo tembo. Lakini askari wao bora wa farasi aliitwa paladini, jina la mashujaa wa hadithi za mfalme Charlemagne wa Ulaya. Sababu ilikuwa ya kimchezo: mataifa yote yalichota askari wao katika ghala moja. Mwaka 2023, baada ya miaka 24, kosa hilo lilisahihishwa. Mwajemi akapewa savar, mpanda farasi mwenye jina la kwao. Mchezo haukuharibika kwa kuwa mkweli zaidi.

Msomaji wa Mtongwe au Mikindani huenda akauliza: Uajemi inatuhusu nini? Namjibu kuwa Uajemi imo kinywani mwake. Bandari, nahodha, dirisha, pamba, rangi na serikali ni maneno yenye asili ya Kiajemi, mengine yakiwa yamepitia India kabla ya kutufikia. Shaha tunayemlinda katika sataranji ni mfalme kwa Kiajemi. Mabaharia wa pwani hii walihesabu siku za mwaka wao kuanzia Nairuzi, na Wamakunduchi wa Unguja huadhimisha Mwaka Kogwa hadi leo. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107. Na nani wa pwani hii asiyepata kusikia habari za Washirazi?

Hapa ndipo suala la mizani linapoacha kuwa la mchezo. Tarikh ya Kilwa yasimulia kuwa Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi, alifika na kukinunua kisiwa kwa nguo. João de Barros, Mreno aliyeichapisha habari hiyo mwaka 1552, aliongeza kuwa mama yake Ali alikuwa mtumwa wa Kihabeshi na kwamba ndugu zake walimdharau kwa sababu hiyo. Kwa miaka mingi waandishi wa zama za ukoloni waliichukua nusu moja tu ya hadithi hii. Walipoyaona magofu ya mawe, misikiti na makaburi ya nguzo, walihukumu kuwa mjenzi alikuwa Mwajemi au Mwarabu, na Mwafrika alikuwa mbeba mawe. Hiyo ilikuwa modi mbovu ya historia: kete zote upande mmoja.

Baadaye mizani ilivutwa upande wa pili. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionyesha mji uliokua polepole kutoka nyumba za miti na udongo, ukiwa na msikiti tangu karne ya 8. Wanaisimu nao walithibitisha kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu kwa mifupa na damu yake, na maneno ya kigeni ni mavazi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini wapo waliotoka hapo wakadai kuwa Mshirazi hakupata kuwako, na kwamba babu zetu walijitungia nasaba kwa ajili ya fahari tu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, waliozikwa katika miji ya pwani ikiwemo Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Mtwapa. Mtwapa ni hapo tu, ng'ambo ya daraja, ukiisha kuipita Kisauni na Shanzu. Watafiti walikuta kuwa watu wengi waliozikwa humo walikuwa na asili mbili. Nusu au zaidi ilitokana na Waafrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyosalia ilitokana na Asia, hasa kwa wanaume kutoka Uajemi, pamoja na mchango wa India. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Baba alikuja na jahazi. Mama alikuwa na ardhi, jamaa na lugha, na watoto wakazungumza lugha ya mama. Wazee wetu waliosema "sisi ni Washirazi" hawakusema uongo, wala waliosema "sisi ni Waafrika" hawakukosea. Aliyekosea ni yule aliyemtaka mtoto amchague mzazi mmoja na kumkana mwingine.

Nayasema haya kwa sababu hatua inayofuata ya vijana wetu inajulikana. Akiisha kuizoea Uajemi ya Darius, kijana wa Kisauni atataka kutengeneza modi ya kwao: Mombasa, Kilwa, Pate, Malindi. Tayari michezo ya kigeni imetuingiza kwa namna yake. Katika Civilization VI, Kilwa Kisiwani ni jengo la ajabu ambalo taifa lolote laweza kulijenga, na Zanzibar ni mji mdogo unaotoa karafuu na mdalasini hata katika zama za kale, ilhali karafuu ilifika Unguja katika karne ya 19. Ni nani atakayelirekebisha hilo kama si mtoto wa pwani? Lakini akianza kazi hiyo bila uongozi, atakutana na vishawishi vilevile. Atamfanya Mshirazi mjenzi na Mmijikenda kibarua, au atamfanya kila aliyekuja kwa bahari mvamizi na kila aliyekuwa bara mwenye nchi.

Sisi wa Likoni tunajua jinsi hadithi ya mwenyeji na mgeni inavyoweza kugeuzwa silaha. Mwezi Agosti mwaka 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika machafuko yaliyofuata watu waliuawa na maelfu wakayahama makazi yao, wengi wao wakiwa wale waliohesabiwa kuwa si wa Pwani. Sababu zilikuwa nyingi, siasa za uchaguzi zikiwemo, wala simlaumu mtoto na kompyuta yake kwa jambo lililotendwa na watu wazima. Ninachokisema ni kuwa mahali hapa swali la nani alitangulia na nani alijenga halijawahi kuwa mchezo. Mtoto anayelishika mkononi anapaswa kujua kuwa lina makali.

Na historia ya Mombasa, ikisomwa sawasawa, ina mizani ya kumtosha mtengeneza mchezo. Mapokeo yetu humtaja Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, na Shehe Mvita. Jina la Kongowea lingali sokoni upande wa Kisauni. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na jina la hao wa mwisho linabebwa na mtaa mzima. Taifa hizo zilikuwa na mapatano na jirani zao Wamijikenda. Mji wa mawe ulihitaji nafaka, pembe na askari wa bara, na kaya za bara zilihitaji nguo na bidhaa za bahari. Hakuna upande uliojitosheleza. Juu yao wote kulikuwa na pepo. Kaskazi humleta mfanyabiashara, kusi humrudisha, na mwenye haraka hana la kufanya ila kungoja. Mchezo unaoufanya upepo kuwa hakimu hauhitaji kumdunisha mtu yeyote ili uwe na mizani.

Kwa hiyo nina pendekezo moja kwa walimu wenzangu, nalo halihitaji fedha. Mwanafunzi yeyote anayetengeneza modi, au hata mchezo wa kadibodi na kete za komwe kwa shule isiyo na kompyuta, aweke daftari lenye safu tatu. Ya kwanza aandike alichokibadilisha. Ya pili aandike ushahidi wake: kitabu, gofu, mapokeo ya mzee au kazi ya wachimbuaji. Ya tatu aandike alichokibuni kwa ajili ya mizani tu, na sababu ya kukibuni. Nimelijaribu jambo hili na kundi dogo la wanafunzi wa kidato cha tatu. Ubishi wao wa jioni nzima ulihusu Wasiokufa, kile kikosi cha mfalme ambacho Herodotus alikihesabu kuwa na watu 10,000 daima, kwani kila aliyekufa au kuugua nafasi yake ilijazwa mara moja. Mmoja alitaka askari hao wasiuawe kabisa. Mwenzake akamjibu kuwa jina lilikuwa la kikosi, wala halikuwa la mtu mmoja mmoja. Basi kila mmoja auawe, lakini mfalme alipe dhahabu na nafasi ijazwe. Hiyo ni hoja ya mwanahistoria, na sikuifundisha mimi.

Watakuwapo watakaosema kuwa safu hiyo ya tatu ni kuhalalisha uongo. Sioni hivyo. Jambo la kubuni likitajwa kuwa ni la kubuni halimdanganyi mtu. Uongo ni kulibuni kisha kulipitisha kama ushahidi, na hilo hufanywa na waandishi wa vitabu na wasemaji wa majukwaani kuliko watoto wa shule. Laiti wale waliotuandikia habari za Washirazi miaka mia iliyopita wangeweka daftari la safu tatu, tusingelipoteza muda mwingi kulifumua walilolishona.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wetu wameshaanza kucheza, tupende tusipende, na uwanja wao ni mpana kutoka Susa hadi Mtwapa. Wajibu wetu sisi walimu ni kuhakikisha kuwa wanapoigawa kete ya mchezo kwa usawa, hawaigawi kete ya ukweli. Nguvu, bei na mwendo wa askari ni mali yao. Waviongeze na kuvipunguza watakavyo. Lakini nani alikuwapo, alitenda nini na kwa sababu gani, hayo ni amana ya waliotutangulia, nayo hayapunguzwi ili mtu apate ushindi.